Nchani

Saa nane za usiku, Bandung. Mvua inapiga bati la maabara.
Dadan amelala kwenye kiti, kinywa wazi,
nami jicho liko hadubinini
kwa uzi wa kuvu, mwembamba kuliko unywele,
unaotembea bila miguu.

Ni kuvu ile ile ya mama.
Ambu huinyunyizia mashudu ya karanga,
huifunika kwa jani la mgomba,
na kesho kutwa trei zote zimegeuka rangi ya chungwa, tayari kwa soko.
Masomo yangu aliyauliza mara moja tu:
"Kwani inakwenda wapi, hiyo, usiku kucha?"

Ndani ya uzi kuna reli, Ambu.
Mirija inayojijenga, ikabomoka, ikajijenga tena,
na juu yake hamali wanapanda na viroba vya ukuta,
si vya unga, si vya chumvi, vya ukuta,
hadi nchani, penye kidoa cheusi
kinachotangulia, uzi ukafuata.
Pale aktini, wavu laini, inapokea mzigo,
inaupanga, inaumwaga.
Ukuta unalegea kidogo, unasogea, unakauka.
Milimita nne kwa saa. Nimepima.

Kisha nikatia dawa. Tone moja.
Reli zikayeyuka.
Nilidhani uzi utakufa. Haukufa.
Ulikwenda upogoupogo, ukajikunja, ukajirudia,
nguvu tele, njia hakuna,
kama Ambu mwaka ule wa msiba wa baba,
akizunguka ua na ungo mtupu mkononi.

Uzi wa pili niliuvunjia aktini.
Huo haukwenda popote.
Ulivimba nchani, ukawa kitufe.

Nikaandika saa. Nikaandika joto.
Daftari halina safu ya kitu kingine.

Nikaosha dawa kwenye uzi wa kwanza.
Dakika tisa, hakuna. Dadan anakoroma.
Halafu mrija mmoja. Halafu mitatu.
Kidoa kikarudi mahali pake
na uzi ukanyooka, taratibu,
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Swali lile sijalijibu.
Ng'ambo ya mji saa hizi naye yu macho,
anainua pembe ya jani, anachungulia,
anairudisha.