Kilo Kumi

Nilipopata mshahara wa kwanza nikampigia kaka Nhonya:
njoo mjini Jumamosi, nakutoa.
Unanitoa wapi, akauliza.
Nikamwambia, utaona.

Akaja na shati alilofungia ndoa,
mikunjo ya sanduku bado imesimama mgongoni.
Mlangoni akavipangusa viatu vumbi la Hombolo
kwa kiganja, mara mbili,
kama mtu anayeingia kwa wakwe.

Ni pale Kisasa, makontena mawili yaliyopakwa rangi nyeusi.
Upepo wa Julai ulishaipekua orodha ya vyakula
kabla hatujaifungua.
Meza ya jirani, watu wa wizarani,
vitambulisho vingali shingoni,
wanacheka kicheko cha tarehe ishirini na tano.

Baga ya nyama moja au mbili? akauliza binti.
Mbili, akasema Nhonya. Ng'ombe mwenyewe wa wapi?
Binti akatazama jikoni,
labda ng'ombe angeitika.

Ikaja. Imesimama wima, imedungwa kijiti utosini.
Kaka akaizunguka kwa macho.
Sechelela, hii inaingiliwa wapi?
Kinywa kina mipaka yake.
Basi akaibomoa, ghorofa baada ya ghorofa:
mkate huku, nyama huku,
jani la saladi akalilaza ukingoni mwa sahani,
"hili wamesahau kulipika,"
akamega tonge la mkate, akachovya,
akaila baga nzima kama anakula ugali.
Nami niliyejifanya mjuzi,
mchuzi ulikuwa umenifika kiwikoni.

Ubaoni, kwa chaki ya buluu:
*Mvinyo wa mapovu. Tunautengeneza wenyewe.
Zabibu za Dodoma. Glasi 9,000.*
Nikaagiza mbili bila kumtazama.
Alikuwa ameshasoma.
Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Akanusa. Akanywa kidogo, akakishikilia kinywani
jinsi fundi saa anavyoishika saa sikioni.
Nilingoja aseme tamu, au aseme chungu.
Akasema: hizi zilichumwa kabla ya siku zake.
Siku nne. Pengine tano.
Ilikuwa Machi, mawingu yakasimama juu ya bwawa,
mnunuzi akaja na lori, akasema leo au basi.
Tukachuma usiku, kwa tochi za simu.
Mkeo wa kaka yako alikuwa na mimba ya miezi minane,
naye alichuma.

Sikujua. Machi mimi nilikuwa natafuta chumba cha kupanga.

Niitie anayepika hiki, akamwambia binti.
Nikataka kuzama chini ya meza.
Akatoka kijana mwenye aproni, Chidumizi,
vidole vya zambarau hadi kwenye kucha,
uso tayari kwa kugombezwa.
Mbukwenyi, akasema kaka,
na kijana, bila kutarajia, akaitikia Kigogo.

Baada ya hapo mimi sikuwepo.
Kijana alichuchumaa kando ya kiti,
wakaongea sukari ya zabibu, wakaongea ukungu wa majani,
kwa nini mapipa yanachacha vibaya msimu wa joto.
Mnunuzi aliniapia zimeiva, akasema Chidumizi.
Mimi aliniapia hakuna soko, akasema Nhonya.
Wakanyamaza pamoja,
wakimtafuta huyo mtu wa katikati kwenye vichwa vyao.
Chipsi zake zikapoa. Nikazila.

Bili ililetwa ndani ya kikombe cha bati.
Nikawahi, lakini jicho lake lilitangulia.
Kilo kwa mia tisa, akanong'ona,
na chini ya meza nikaviona vidole vyake
vinafunguka vyote, mkono wa kushoto, mkono wa kulia.
Nimekunywa kilo kumi, mdogo wangu,
na wala sijalewa.

Kisha akamwomba binti mfuko
aweke lile jani la saladi.
Nikamuuliza, la nini?
La sungura wa watoto, akasema,
umelilipia.