Mdomo wa Bomba

Chini ya mahindi yetu kuna barabara za giza:
mabomba ya udongo wa kuchoma, kipande kwa kipande,
aliyoyalaza Halvor, babu wa baba yangu,
enzi zile kinamasi kilipoitwa adui
na mbu wakawa ushahidi wa kutosha.
Alichimba kwa koleo misimu mitatu.
Bata mwitu walirudi Machi, wakazunguka mara mbili,
wakaenda zao kama wageni
waliokuta mlango umepigwa misumari.

Mimi ni Arlys Tvedt, wa Aiowa.
Nina ekari mia tatu
na goti moja linalotabiri mvua.
Nimelalamika sana, sikatai.
Niliandika barua kuhusu kiwanda cha nyama
kilichoko juu ya mto, penye povu la kijivu.
Nilisimama kwenye mkutano wa kaunti
na chupa ya maji mkononi, sauti ikitetemeka:
"Mjukuu wangu hatakunywa haya!"
Wakanipigia makofi. Hata jirani yangu Verlyn,
anayecheka kana kwamba kicheko kinatozwa kodi,
alipiga makofi.

Kisha akaja Noi Baccam wa maabara ya maji,
buti za mpira zimemfika mapajani,
na kopo la vijikaratasi vyembamba kama njiti.
"Chovya, hesabu hadi thelathini, linganisha rangi."
Mtoni, chini ya kiwanda: waridi.
Darajani kwa Verlyn: waridi.
Kisima cha shule: waridi hafifu,
kama ufizi wa mtoto.
Tukafika ukingoni mwa shamba langu,
pale bomba la Halvor linapotema mfereji
maji baridi, maangavu, maji ambayo
ungeyateka kwa kiganja na kushukuru.
Moja, mbili, tatu.
Thelathini.
Zambarau.

Noi hakusema kitu. Alifuta miwani yake
kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kikulacho, kumbe, kilikuwa nguoni,
nami kutwa nakung'uta nguo za wenzangu.
Mbolea niliyokopa Aprili,
niliyoiita chakula cha mahindi:
mahindi yalikula sehemu yake,
iliyobaki ikashuka na mvua, ikaingia bombani
bila harufu, bila rangi, bila kubisha hodi,
ikawafikia watu wa chini ya mto
ambao hata majina yao siyajui,
ambao nao wana wajukuu.

Usiku ule nilipiga hesabu jikoni.
Mashine ya kuvunia: deni la miaka minne.
Bondeni: ekari kumi na mbili,
kila mwaka wa mvua hunipa mabua ya njano
na aibu.
Oktoba nikamwita mtu wa kijiko.
"Vunja hapa."
"Una hakika, mama?"
"Hapana. Vunja."

Kipande cha kwanza kilitoka kizima,
na ndani yake alama ya dole gumba
la mtu aliyekishika kabla hakijakauka.
Nikatia dole langu. Likaenea.
Sikumlaani yeyote. Halvor alikuwa na watoto saba
na ardhi isiyosimamika.

Verlyn hanisalimu tena posta.
Anasema nimemharibia marehemu kazi yake.
Kiwanda bado kinatoa povu, nami bado naandika barua,
ila sasa nafuta mistari mingi kabla ya kutia sahihi.

Machi hii bondeni pana maji ya kufika magotini.
Matete ni machache, ndevu za kijana wa miaka kumi na mitano.
Nilikuwa nimechovya, nikihesabu,
nimefika kumi na saba,
bata wawili wakazunguka juu yangu mara mbili,
mara ya tatu,
wakatua kwa kishindo na matope,
nikapoteza hesabu.

Nikachukua kijikaratasi kingine.
Waridi. Bado waridi.
Nikakiweka mfukoni, nikabaki nimesimama,
maji yakiingia polepole kwenye buti la kushoto.