Kiatu cha Kushoto

Maandishi meupe yalitangulia kwenye shuka:
"Imetokana na kisa cha kweli."
Mwalimu Chilewa akakohoa.
Kikohozi hicho tunakijua, hukitoa
kabla ya kukata maksi kwa wino mwekundu.

Ukumbi wa ushirika, Kongwa, Jumamosi.
Nje jenereta linanguruma kama fahali aliyefungwa.
Kiingilio buku, watoto mia tano,
wanaokaa chini kwenye magunia, maelewano.

Tumekuja kumwona babu yangu,
yaani kijana wa mjini aliyelipwa awe babu yangu:
mabega mapana, meno yote,
kofia ya kaki isiyo na jasho hata tone.
Babu alikuwa mfupi. Babu alikuwa na chongo,
mwiba wa mgunga, kabla hajajua kuandika jina.

"Trekta hilo silo!" akapaza fundi Madeha.
"Ya karanga yalikuwa ya minyororo, hilo la juzi tu,
hilo nimelifunga kilachi kwa mikono yangu!"
"Na milima?" mwingine akadakia. "Kongwa gani yenye ukungu?
Lushoto hiyo. Nimeuza vitunguu huko."
Babu wa kwenye shuka akasema "Mbukwa"
kama mtu anayemeza kidonge bila maji,
na ukumbi mzima ukamwitikia kwa kicheko: "Mbukwaaa!"

Mimi nilikuwa namtazama bibi.
Bibi Nyemo hahesabu umri kwa miaka, huhesabu kwa njaa,
na njaa zake zimevuka vidole vya mkono mmoja.
Nilimpa kiti cha mbele, chenye egemeo,
mfuko wa karanga mapajani
(karanga, ndiyo; hakuna aliyeona ajabu),
anatafuna polepole, upande uliobaki na magego.

Mvua ilipokata na ardhi ikaokwa ikawa kigae,
hapo walipatia, hatukuwa na la kusema.
Mzungu akapiga jembe, likalia ngaa,
na mtu huko nyuma akasema taratibu, "Ehee."

Kisha mgomo. Babu juu ya pipa, anahutubia.
Kisha risasi, babu anaanguka akimkinga mtoto wa mtu,
zeze linalia, jua linazama mbio kuliko jua lolote nililowahi kuliona.
Wanawake walijifuta kwa ncha za khanga.
Ndahani wa buchani, anayechinja bila kupepesa,
alikuwa anavuta kamasi.

Bibi akacheka.
Akacheka mpaka karanga ikampalia.
"Siku ya mgomo alilala," akaninong'oneza.
"Jino. Shavu limevimba hivi. Mgomo alisimuliwa."
Na kufa alikufa kitandani, mzee,
akilalamika kwamba mlenda hauna chumvi.

Ila nimeruka mahali.
Kabla ya mgomo kuna kipande kisicho na kazi,
wengi walikitumia kwenda kukojoa:
babu anarudi jioni, hasemi neno,
anafika mlangoni pa tembe,
anavua kiatu cha kushoto,
anakigonga kwenye mwimo, mara mbili,
anakivaa, anaingia.
Basi.

Mkono wa bibi ulisimama
katikati ya mfuko na mdomo.

Hakuna aliyewaambia. Watu wa picha hawakufika kwetu,
hawakumuuliza bibi hata rangi ya ng'ombe.
Pengine yule kijana alikuwa na kokoto kweli.
Pengine.

Taa zilipowaka, Mwalimu Chilewa alisimama,
makosa kumi na manne kiganjani, kwa kalamu.
Madeha bado na trekta lake.
Vijana wanauliza sehemu ya pili lini,
na shujaa keshazikwa.
Bibi akanivuta mkono wa shati.
"Mwambie mwenye mashine arudishe."
"Arudishe wapi, bibi? Anapokufa?"
"Nani kafa?" akasema. "Mlangoni."