Nusu Kilo

Wametaka dakika tatu, besi peke yake,
bila mwimbaji, bila solo, bila ngoma ya kujifichia.
Usaili ni mwisho wa mwezi, Dar es Salaam,
na hawamwiti mtu ambaye hawajamsikia.

Miaka kumi na mmoja nimepiga harusi na jando,
Kitama, Mahuta, Nanyamba, Newala kwenye ukungu,
na katika kanda zote, simu zote zilizoturekodi,
mimi ndiye nisiyesikika.
Utamsikia Chilumba akilitaja jina la bwana harusi,
utasikia kinanda, vigelegele, hata jenereta.
Mimi ukinitafuta, tafuta kwenye viuno vya watu.

Nyuzi mpya Tandahimba hakuna.
Nikazichemsha za zamani kwenye sufuria la ugali,
jasho na kutu za harusi zitoke.
Somoe akafunua, akatazama, akafunika.
"Mboga hii," akasema, "inaiva saa ngapi?"

Mwezi wa nne ghala la chama cha msingi ni tupu.
Korosho zimeshapigwa mnada, zimeshapanda malori;
imebaki harufu, deni la salfa, na magunia.
Biesha Nandonde, mpima mizani, ana funguo
na ana kompyuta ya mwanawe.
Tukayatundika magunia kuta zote nne,
mwangwi ukazibwa mdomo.

"Haya. Piga."

Nikapiga kama anayedaiwa.
Nikaikimbia shingo ya gitaa juu hadi chini,
nikachomeka kila nilichowahi kuiba redioni.
Biesha akasikiliza mpaka mwisho,
akafuta.
"Huyo ni mpiga solo aliyekosa gitaa lake."

Mara ya pili, jogoo wa mlinzi.
Mara ya tatu, umeme.
Tukakaa gizani saa nzima tukimenya karanga mbichi,
akanisimulia msimu unavyokwenda:
mkulima anamwangalia usoni,
karani anamwangalia mkono,
mshale hauangaliwi na mtu
mpaka siku ukikosea.
Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Umeme uliporudi sikungoja kuambiwa.
Nikapiga ule wa kumtoa bi harusi ndani,
ule wa polepole, sehemu yangu tu, kama ilivyo:
noti moja, halafu nafasi.
Pale Chilumba anapovuta pumzi, nikaacha pumzi.
Pale ngoma inapojibu, nikaacha mlango wazi,
na naapa kuna kitu kilipita.
Uzi mnene ulipotikisika
mshale wa mizani kule pembeni ukanyanyuka.
Biesha akauonyesha kwa kidole, bila sauti,
midomo yake ikasema: nusu kilo.
Nikaurudia uzi uleule.
Nusu kilo.

Usiku nikamwekea Somoe kwenye simu.
Akaigeuza, akaibana sikioni, akapandisha sauti hadi mwisho.
"Mbona umerekodi kimya?"
Spika yenyewe upana wa ukucha,
besi itakaa wapi?
Nikawaza, na huko mjini je,
kama mwenye bendi atanisikiliza kitandani, kwa simu,
huku anapiga mswaki?
Chini ya faili nikaandika: Tafadhalini, spika kubwa.
Nikafuta "tafadhalini", likaonekana shari.
Nikalirudisha.
Likaondoka asilimia moja moja,
mtandao ukilivuta kama gunia kwenye mchanga.

Asubuhi nikapita ghalani kuchukua amplifaya.
Magunia yameshushwa, yamekunjwa kumi kumi,
kuta zimeanza tena kujibu nyayo.
Biesha ameinama juu ya mizani,
anaurudisha mshale kwenye sifuri.
"Ulibaki juu?" nikauliza.
"Kidogo," akasema,
bila kuinua uso.