Popo wa Vidin

Usiku wa nne. Mto Danubi umeganda kingoni,
na Tsvetanka amesuka nywele, amevaa ule mkufu,
ameketi mbele ya kompyuta kama anayepigwa picha ya pasi.

Kamera inawaka. Mke wangu anatokea kichwa chini,
dari iko chini yake, zulia liko juu,
na kule Trondheim binti yetu anacheka:
Mama, umekuwa popo?

Mfumo ni huria. Hakuna aliyeniuzia,
kwa hiyo hakuna wa kumgombeza.
Watu nisiowajua waliuandika, wakaacha mlango wazi:
ingia, soma, ukiona kosa rekebisha.
Nami nilikuwa fundi wa taa za reli miaka thelathini na mmoja.
Taa ikikosea, treni haikuulizi nia yako.

Nikaviita vifaa kimoja kimoja.
Kipanya kikaitika, spika zikaitika,
kamera ikajitaja kwa namba tu
kama mfungwa.
Nikaing'oa draiva, nikairudisha.
Nikawasha kerneli ya zamani: giza totoro.
Nikarudi kwenye mpya: popo.
Nikamlaani mtengenezaji hadi babu yake.

Tsvetanka akasema, si uigeuze tu hiyo kompyuta?

Tukaigeuza. Vitufe vikatazama chini kutoka juu.
Kwao tukawa wima, lakini kwetu
mjukuu ndiye aliyening'inia sasa,
mwekundu, macho kayafumba,
vilevile mkunga alivyomshika Zornitsa miguu
akasubiri alie.
Hatukusema kitu.

Saa nane usiku nikaikuta, ndani kabisa ya msimbo:
orodha ya kompyuta ambazo huko kiwandani
kamera ilipachikwa kichwa chini.
Kumbe tuko wengi.
Yetu haimo. Nikaandika jina lake, mstari mmoja,
nikasahau mkato, kikagoma,
nikauweka mkato.

Asubuhi Tsvetanka yuko wima, mkufu umelala shingoni
kama mikufu ya watu wengine.
Mstari wangu nimeshautuma mlangoni kule,
kwa yeyote mwenye mashine hii na mtu wa mbali.
Zornitsa anapiga makofi. Mtoto anapiga miayo.

Nikaenda kuchemsha kahawa. Niliporudi
alikuwa ameigeuza tena kompyuta, peke yake, polepole,
kwa mikono miwili,
mmoja chini ya kichwa.