Milimita Sita

Dukani kwa Torvald, Minnesota, theluji mlangoni,
ananisukumia kasha la risasi nene kama kidole gumba.
"Hizi humwangusha dubu, Ragna."
Sikuja kwa dubu.

Bunduki ya marehemu Einar ilinipiga teke miaka ishirini
mpaka bega likajifunza woga,
na jicho likawa linafumba kabla ya mlio.
Mwaka jana kulungu aliondoka na taya lililovunjika.
Nilifuata damu hadi kinamasini, tochi ikazimika.
Bado namtafuta nikilala.

Nipe zile nyembamba, za milimita sita,
zinazogusa bega kama mtoto anayeomba njia.
Nitanyemelea karibu zaidi, nitangoja ageuze ubavu.

Torvald anacheka: risasi za wasichana.
Naam. Nifungie.
Safari hii nataka kuona.