Fuma, Fumua

Kutenda kosa si kosa, alizoea kusema baba,
kosa kurudia kosa.
Basi mimi nimerudia mara tano,
mstari uleule wa kumi na saba,
kitanzi kilekile kinachoniponyoka sindanoni
kama mtoto asiyetaka kuoga.

Ni Alhamisi, Aberdeen, mvua inanyesha kwa ubavu.
Ukumbi wa nyuma ya maktaba unanuka makoti mabichi.
Kina mama kumi na mmoja, na dereva mmoja wa basi
ambaye hata sare hajavua,
magoti kayabana, ncha ya ulimi nje,
anafuma sweta la mtoto
ambaye bado hana jina wala hajaijua baridi.

Effie Geddes huikagua kazi yangu
kwa miwani iliyofungwa plasta.
Hasemi vizuri. Hasemi pole.
Huvuta uzi, trrr,
na jioni yangu nzima inarudi kuwa donge
kwa muda wa mtu kupiga chafya.

Nina miaka arobaini na miwili. Nilitaka kulia.

"Uoshe," akaniambia, "uutundike na kijiko kizito."
Kwani uzi uliofumuliwa haunyooki,
hubaki na vijiwimbi,
unakumbuka kila kitanzi kilipokuwa.
Kisha akaenda kuchemsha chai,
na akiwa na mgongo kwangu akakiri
kwamba sweta la kwanza la marehemu mumewe
lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.
Alilivaa majira tisa ya baridi kazini kwenye reli.
Akimpa mtu mkono, mtu alidhani ana haraka.

Usiku ule, nikilirudisha basi tupu bohari,
nilihesabu maneno ya kwetu kwa mdundo wa waipa:
funga, fungua.
Ziba, zibua.
Fuma, fumua.
Kosa,
kosoa.
Nikakanyaga breki pasipo taa.
Miaka yote hiyo nayatamka, sikuwahi kuona
kwamba kukosa na kukosoa
wamelala kitanda kimoja,
wanavutana shuka.

Mwezi wa pili, kwenye kipilefti,
nilichukua njia ya tatu badala ya ya pili.
Abiria kumi na wanne, nami, na basi refu kama lawama
tukaingia mtaa usio na kituo wala pa kugeuzia.
Nikashika kipaza sauti. Kwa Kiingereza changu cha Muheza
nikatangaza: Mabibi na mabwana, nimepotea.

Kimya. Kitoto kimoja kikapiga makofi.
Halafu mzee wa kiti cha nyuma:
"Miaka sitini mji huu,
sijapata kuiona nyumba ile ya mlango wa manjano."
Shingo zote zikageuka. Na yangu.
Katikati ya mawe yote yale ya kijivu,
mlango, manjano kama embe lililosahauliwa dirishani.

Ofisi ilinipa barua ya onyo.
Ninayo mpaka leo; karatasi yake nzuri, ngumu.
Nimeikunja mara nne, nazungushia uzi.

Sisemi kosa ni tamu.
Yule mama aliyechelewa miadi ya hospitali siku ile
hakuutazama mlango wowote,
na uso wake naupita kila asubuhi pale pale,
njia ya pili, taratibu, mikono miwili kwenye usukani.

Salha amezaliwa. Sweta limekwisha, au nimeliacha,
mkono wa kushoto umezidi vidole viwili.
Subira aliukunja mara moja, hakusema kitu,
kisha akacheka hadi mkunga akaja kuchungulia.

Mstari wa kumi na saba una tundu.
Effie aliliona. Safari hii hakuvuta.

Sasa ana miezi mitano, na leo asubuhi
amelipata mwenyewe, amepenyeza kidole,
anakitazama kilivyotokea upande wa pili,
na hataki kukitoa.